Gamba la Buibui wa Kilimani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Daktari alikuja, akausikiliza moyo wangu, kisha akaenda kuzungumza na mwanangu mlangoni kana kwamba mimi ni kabati. Nina miaka themanini na minne. Miguu imenisusa, macho yanachagua ya kuona, lakini masikio yapo. Nilimsikia akisema mvua hizi nitaziona zikianza. Kuhusu kwisha kwake hawezi kuahidi.

Basi naandika. Nimekasirika na sina wa kumkasirikia isipokuwa mwanangu, aliyeniletea supu nikairudisha. Amesema nyumba hii sasa ina wagonjwa wawili wasiokula.

Mgonjwa wa pili ni buibui.

Jumatano, 5 Machi

Niandike vizuri, kama nilivyowafundisha wanafunzi miaka thelathini na moja: mtu asiyejua lolote aelewe.

Chumba cha nyuma mjukuu wangu anafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Mama yake, yaani mwanangu, anawaita wapangaji wasiotoka. Mmoja ni jike jeusi, upana wa kiganja, lililoletwa na dereva wa lori la kokoto miaka miwili iliyopita. Kama ni wa kilimani, basi ni katika wachache waliobaki duniani, maana kilima chao kimekuwa machimbo na kokoto zake sasa ni barabara za watu. Kama ni wa bondeni, ni buibui wa kawaida tu. Kwa nje huwezi kuwatofautisha. Ni lazima avue gamba, ulichunguze kwa ndani. Mjukuu wangu anasema kutokula ni dalili kwamba anakaribia kuvua.

Akiwa wa kilimani atahitaji dume. Dume la kilimani linalojulikana ni moja, na analo mtu ninayemwita Miwani. Dume akishakomaa huishi miezi michache tu, na hili limekomaa tangu mwaka jana.

Mjukuu wangu alimpigia simu. Miwani aliuliza yeye ni mjukuu wa nani, akajibiwa, akanyamaza, kisha akasema, "Bibi yako anajua ninachotaka." Akakata.

Nilimwambia mjukuu wangu kwamba huyo alikuwa mwosha chupa wangu pale chuoni, nilimfukuza kwa kuvunja sampuli, na kinyongo hakijamtoka. Alinisikitikia. Akanifunika miguu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Supu. Nimeirudisha.

Ijumaa, 14 Machi

Amevua. Mjukuu wangu alikuja mbio na bado ana mswaki mdomoni. Nikabebwa kwenye kiti mpaka chumba cha nyuma. Jike limelala ubavu, rangi mpya, jeusi kama lami mbichi, na pembeni yake gamba kuukuu limekaa na miguu yote minane, utadhani ni buibui wa pili. Mwanangu alichungulia, akasema sasa wamekuwa wawili na yeye anahama.

Kwa muda kidogo sikuwa na hasira na mtu. Naandika kwa sababu haitokei mara nyingi.

Jumamosi, 15 Machi

Mjukuu wangu ana mikono mizuri. Aliliweka gamba kwenye kisahani cha maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, akasubiri lilegee, akalitandaza juu ya kioo kwa sindano mbili. Gamba likikauka hujikunja, na anayelisoma likiwa limejikunja husoma uongo. Jike ana vifuko viwili vidogo vya kuhifadhia mbegu za dume, na utando wa ndani wa vifuko hivyo hutoka pamoja na gamba. Vya wa bondeni vimenyooka kama vidole gumba. Vya wa kilimani vimepinda kama pembe za mbuzi.

Aliangalia kwenye hadubini, akaniachia nafasi. Pembe za mbuzi.

Alinikumbatia, akasema, "Bibi, ni spishi yako." Ndivyo inavyojulikana. Niliitambua mimi, niliiandika mimi, nikaipa jina la baba yangu mzazi, ambaye aliogopa buibui maisha yake yote. Kisha akanisomea ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake, maneno yangu kuhusu tone la sabuni: kwamba aliyeligundua alijifunza kumsubiri buibui badala ya kumlazimisha.

Nilimwambia mgongo unauma, nirudishwe kitandani. Haukuwa unauma.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua tangu asubuhi. Dari inavuja juu ya kabati la vitabu na mwanangu ameweka beseni. Hesabu ya mjukuu wangu ni hii: jike anahitaji mwezi mmoja ngozi ikomae, kisha anaweza kupandishwa. Miwani amemtumia picha ya dume. Manyoya ya tumbo yamepukutika na mguu mmoja haupo. Chini ya picha hakuandika neno hata moja. Huyo mtu anajua kusema kwa kunyamaza. Zamani pia alikuwa hivyo na nilimchukia kwa hilo.

Alhamisi, 27 Machi

Mjukuu wangu ameuliza Miwani anataka nini. Nikamwambia anataka kunidhalilisha nikiwa kitandani. Si uongo. Lakini nimelitamka kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kwenye vikao vya chuo, na nilipomaliza nikasikia harufu ya kuoza, ikitoka kwangu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemwandikia Miwani. Siku nzima kwa ukurasa mmoja, mkono unatetemeka kama wa mlevi. Nimesema kwamba spishi ile tuliitambua pamoja, na nasikitika jina lake halikuonekana kwenye makala. Mjukuu wangu hakuisoma. Niliibandika bahasha mwenyewe. Dereva wa lori la kokoto hupita kwa Miwani, ataifikisha. Lori linalokila kilima ndilo linalotubebea barua.

Jumapili, 6 Aprili

Imerudi. Bahasha ile ile, barua ile ile. Chini ya neno "pamoja" amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: "Mwalimu, pamoja na nani?"

Amenisahihisha kama mtoto wa shule. Mtu aliyekuwa akiniletea chai. Niliitupa barua, ikaangukia kwenye beseni la maji ya dari, na mwanangu akaiokota kwa kibano cha nguo akauliza kama aianike. Nilimfokea mpaka nikakosa pumzi. Daktari ameitwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Supu. Sikuigusa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mjukuu wangu alisema leo, bila kunilaumu, kwamba dume limeacha kula. Amempigia tena Miwani, amemwomba sana, na Miwani amesema atasubiri. "Sijui anasubiri nini, Bibi. Nisaidie." Alikuwa ameshika shuka langu kama alivyofanya alipokuwa na miaka mitatu.

Basi ni hivi.

Miaka arobaini na moja iliyopita kila mtu alijua kwamba buibui weusi wa kilimani na wa bondeni ni wamoja. Nilikuwa nimeshaandika hivyo mara mbili. Mwosha chupa wangu alikuwa kijana wa miaka thelathini, elimu yake ya sekondari, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, ndipo nikampa jina hilo na maabara nzima ikalifuata. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa na kuwalisha buibui mende. Magamba niliyokuwa nikiyatupa alikuwa akiyaokota. Mimi niliyasoma yakiwa makavu, kwa haraka, yamejikunja, na kupinda kwa vile vifuko nilikuita mikunjo ya gamba. Yeye siku moja alidondosha gamba kwenye sinki la vyombo. Hakulitoa. Alikaa akaangalia maji ya sabuni yakilikunjua.

Aliniletea kioo kimoja chenye gamba lililotandazwa, ameandika pembeni kwa mwandiko wake mdogo: kilimani, jike, tarehe, na jina lake. Akasema, "Mwalimu, nadhani ni spishi mbili." Nilikiinua kwenye mwanga, nikamwambia amelipinda gamba wakati wa kulitandaza, arudi kwenye chupa zake.

Alipotoka niliweka kioo kwenye hadubini.

Ilikuwa kazi safi kuliko yangu yoyote. Nilijua pale pale kwamba yuko sahihi, na jambo lililonijia kwanza, Mungu ni shahidi, lilikuwa hasira. Si furaha ya kuona kitu kipya. Hasira kwamba kimeonwa na yeye.

Baada ya miezi sita nilichapisha makala peke yangu. Alikuja ofisini na jarida mkononi, akasimama, akasema, "Mwalimu, umesahau jina langu." Nikamwambia jina la mwosha chupa haliandikwi kwenye makala. Alipopeleka malalamiko kwa mkuu wa chuo, niliandika kwamba amevunja chupa kumi na moja za sampuli kwa uzembe. Hakuvunja hata moja. Barua ya kumfukuza niliisaini mimi, kwa mkono huu huu unaoandika.

Na kile kioo sikukitupa. Kimo kwenye kopo la pipi za kifua, droo ya chini. Nimehama nacho nyumba nne. Niliweza kumtupa mtu, kazi yake nikashindwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilimwambia mjukuu wangu afungue droo ya chini. Alikipeleka kioo chumba cha nyuma. Nilisikia kiti kikivutwa karibu na hadubini. Aliporudi alisimama mbali na kitanda.

"Hii tarehe," alisema, "ni miezi sita kabla ya makala yako."

"Ndiyo."

"Maneno ya tone la sabuni, niliyoyaweka mwanzo wa tasnifu yangu. Ni ya nani?"

"Yake."

Aliniuliza kuhusu chupa kumi na moja. Nikamjibu. Nilitegemea atalia, nikawa nimeandaa la kusema. Hakulia. Alisema, "Nilisomea kazi hii kwa sababu yako, Bibi. Nimewasimulia watu." Akaondoka na kioo, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningevumilia.

Jumatatu, 14 Aprili

Hajaingia chumbani. Mwanangu ndiye analeta dawa. Aliuliza nimemfanya nini mtoto wake. Nikamwambia. Akasema kumbe siku zote aliwaogopa wanyama wasiostahili kuogopwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeandika barua mbili. Ya kwanza kwa mhariri wa jarida, kurasa tatu: nani aliona, lini, kwa njia gani, nani alichukua, na uongo wa chupa. Hakuna "pamoja" ndani yake, wala "nasikitika". Ya pili kwa Miwani, mistari minne, na nakala ya ya kwanza.

Nilidhani nikimaliza nitapata utulivu ule unaoandikwa vitabuni. Sikupata kitu. Nimekasirika tu kwamba ilikuwa rahisi kiasi hiki, siku tatu za kalamu, na ningeweza kuifanya nikiwa na miaka hamsini, nina miguu na ninaweza kwenda kwake mwenyewe.

Mjukuu wangu alichukua bahasha. Alizisoma zote mbili mbele yangu, kama mwalimu asiyemwamini mwanafunzi, akasahihisha tarehe moja. Safari hii hakumpa dereva wa lori. Alikwenda mwenyewe, na kioo kimefungwa kwenye pamba.

Jumamosi, 19 Aprili

Amerudi, amelowa. Miwani alisoma barua akiwa amesimama. Kioo alikipokea kwa mikono miwili. Hakusema atatoa dume wala hatatoa.

Jumatano, 23 Aprili

Amekuja mwenyewe.

Mwanangu alimkaribisha, akamwandalia chai, akamwambia shikamoo mara mbili kwa wasiwasi. Mzee wa miaka sabini na moja, mwembamba, ndoo ya plastiki yenye matundu amepakata mapajani kama mtoto mchanga. Alipoingia chumbani kwangu alibaki na ndoo yake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Umezeeka vibaya."

Nilimwambia nawe miwani yako iko wapi. Akasema alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka juzi, anaona kama tai, kwa hiyo lile jina nililompa halina kazi tena, nitafute jingine. Mjukuu wangu aliangalia sakafu. Nikamwita kwa jina lake, majina yote matatu. Ulimi uliyapata bila kutafuta. Alikunywa chai.

Tulikwenda chumba cha nyuma, mimi kwenye kiti changu. Kwa kawaida unaweka sanduku la dume karibu na la jike siku kadhaa wazoeane. Hatukuwa na siku kadhaa. Dume lilikuwa na miguu saba na lilitembea kama mimi. Mjukuu wangu alilishusha kwenye udongo kwa kijiko cha mti, na yule mzee akasimama upande wa pili na brashi ya rangi na kipande cha kadibodi, tayari kuwatenganisha.

Dume halikusogea. Dakika kumi. Nikasema limeshakufa limesimama. Mzee akasema, bila kugeuka, "Mwalimu, hata hapa unataka kusoma kabla halijalowa?"

Mjukuu wangu alicheka. Ni mara ya kwanza tangu tarehe kumi na mbili. Nilikasirika na nilifurahi, na sikujua lipi ni lipi.

Kisha dume likaanza kupiga udongo kwa miguu ya mbele, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa vidole. Kimya. Likapiga tena. Na kutoka ndani ya shimo jike likajibu, mapigo matatu mazito, tuliyasikia wote kwenye kioo cha sanduku. Likatoka. Likainua meno. Dume likaingia chini yake, likayashika yale meno kwa ndoano mbili za miguu yake ya mbele, likamsukuma juu. Mguu uliokosekana ulikuwa wa pili kutoka mbele, upande wa kulia, hivyo liliyumba, na mara mbili nilidhani jike amelimaliza. Mkono wa mzee na brashi haukutikisika. Mjukuu wangu alikuwa amenishika bega. Sidhani kama alijua.

Walipoachana mzee aliweka kadibodi katikati, dume likatoka salama.

Nilisema nilichokuwa nimejiandaa kusema, kwamba naomba anisamehe. Alifunika ndoo kwanza.

"Sikuja kukusamehe, Mwalimu. Nilikuja kwa ajili ya dume." Kisha akaongeza kwamba nisijidanganye barua itabadilisha jina. "Spishi itabaki na jina la baba yako, na lako litafuata nyuma yake, hadi dunia iishe. Sheria ya majina haiulizi nani aliiba. Nimeisoma sheria hiyo miaka arobaini. Nilikuwa na nafasi, sikuwa na kazi."

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua kubwa. Beseni la kabatini limejaa mara tatu. Amekataa kunisamehe nikiwa ninakufa. Nilifikiri kufa ni hoja.

Jumatano, 30 Aprili

Dume limekufa. Mzee amemtumia mjukuu wangu picha, miguu imekunjwa chini. Safari hii ameandika: "Alifanya kazi yake."

Jumatatu, 12 Mei

Mhariri amejibu. Barua itachapwa yote. Kuhusu jina, ni kama alivyosema mzee: linabaki. Sampuli iliyoko chuoni itabandikwa karatasi mpya yenye jina la aliyeitambua. Mjukuu wangu ataileta hapa niiandike kwa mkono wangu. Nilimwambia mkono unatetemeka, atumie mashine. Akasema hapana, Bibi, mwandiko wako.

Jumatano, 21 Mei

Nimeandika karatasi hiyo. Majaribio manne. Ni ndogo kuliko stempu na ndicho kitu kirefu zaidi nilichowahi kuandika.

Mjukuu wangu amerudi kukaa kitandani kwangu, lakini upande wa miguu. Zamani alikaa upande wa kichwa.

Jumatano, 28 Mei

Siwezi kukaa bila mito mitatu. Mvua zinapungua. Jike limeacha kula na limeziba mlango wa shimo kwa utando. Sijui anakaribia nini. Akivua gamba tena, mbegu zote za dume zitatoka nalo, atakuwa kama hajawahi kuguswa, na dume hakuna. Nimekasirika na kiumbe kinachoweza kujivua yote namna hiyo kikaanza upya.

Jumapili, 15 Juni

Hakuvua. Ametaga.

Mjukuu wangu aliona kwa tochi kupitia kona ya kioo cha sanduku: mfuko mweupe, ukubwa wa ndimu, ameupakata chini ya tumbo na anaugeuza kwa miguu. Jike akishtuliwa huula mfuko wake, kwa hiyo nyumba nzima inanyata. Mwanangu, aliyeapa kuhama, amevua viatu na amezima redio, anafagia kwa kitambaa.

Mjukuu wangu alimpigia mzee, sauti ya chini. Aliuliza jambo moja tu, kama anaugeuza. Akajibiwa ndiyo. Kisha akasema, na mjukuu wangu akanirudishia neno kwa neno: "Mwambie Mwalimu asithubutu kufa kabla watoto hawajatoka. Atawahesabu yeye, kwa sauti, nikiwa nimesimama pale. Na akikosea ataanza upya."

Nimeuliza wanatoka lini. Wiki saba.

Daktari alinipa nne, jana, mlangoni, akiniona kabati. Namchukia yule mzee kwa kunitaka niwepo. Mvua imekatika na dari haivuji tena.

Nimemwita mwanangu. Alikuja peku, ananyata, akifikiri nimezidiwa. Nimemwambia alete supu, na kijiko kikubwa.